Idalina Aliyekataa Kuitika

Kwetu Palma, pwani ya Waswahili iliyotawaliwa na Wareno, aliyezikwa amezikwa. Anaoshwa, anasaliwa, anafukiwa, anasomewa talkini ili ajue la kujibu akiulizwa huko chini, halafu watu wanarudi nyumbani. Hakuna anayemsumbua tena. Kwa hiyo niseme mapema kwamba kazi niliyoifanya Makau, mji wa Wareno kule China, kwa zaidi ya miaka thelathini sikuipenda hata siku moja. Nilikuwa mchimba makaburi kwenye makaburi ya Wakristo kule mlimani, na nusu ya kazi yenyewe haikuwa kuzika, ilikuwa kufukua. Mji ni mdogo, wafu ni wengi, na asiye na kaburi la kununua hupangishiwa. Miaka saba ikitimia jamaa wanaitwa, kaburi linafunguliwa, mifupa inaoshwa kwa pombe ya mchele na kutiwa sandukuni, na mwingine anaingia pale pale. Hata maiti wa Makau ana mwenye nyumba.

Nilivyofika huko ni habari ndefu, nitaikata. Kireno nilifundishwa kwa kiboko katika shule ya misheni, kisha Wareno wakanichukua jeshini, wakanivisha kofia nyekundu, wakanipakia melini na kunishusha China nilinde mpaka ambao mpaka leo sijui ulikuwa unamzuia nani. Wenzangu waliporudishwa, mimi nilikuwa nimeoa mwanamke wa Kichina muuza mboga, nikabaki. Wakati wa haya ninayoyasimulia mke wangu alikuwa ameshafariki na watoto hatukujaliwa. Kiswahili changu nilizungumza na jembe.

Lakini sikukaa chini kuandika habari zangu. Ninayetaka mumjue ni Idalina. Kila Ijumaa nikirudi kutoka msikitini nilimkuta ameketi kwenye ukingo wa kaburi la Bi Firmina Guterres. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, uso wa Kichina, rozari mkononi, viatu vya turubai miguuni, na vidole vinavyonuka kamba kwa sababu aliwamenyea kamba wauza samaki wa Soko Jekundu. Watu wakija makaburini husali, hulia, wengine hugombana na maiti waziwazi. Yeye hakusema kitu. Alikaa leso ikiwa mdomoni, kisha akaenda zake. Mimi ni mdaku, sifichi. Siku moja nikamuuliza kama ana jino linauma.

“Meno yangu mazima,” akasema. “Ila nikifungua mdomo hapa, nitaitika.”

Nikamuuliza anaitwa na nani. Akanionyesha kaburi kwa kidevu.

Hapo sikucheka, maana hata kwetu ni hivyo hivyo. Ukiitwa na usiyemwona, nyamaza. Aliyeitika amekubali, na aliyekubali hufuata. Wachina wa pale wanaamini hivyo, na Wareno wa Makau, pamoja na misalaba yao yote, wanaamini zaidi. Idalina aliamini kabisa kwamba akifungua mdomo kumjibu Bi Firmina, atakufa. Alikuwa hataki kufa, na alikuwa hawezi kuacha kuja. Tulizungumza Kichina, kila mmoja akikivunja kwa upande wake, na Ijumaa baada ya Ijumaa nikapata maisha yake vipande vipande.

Mwenyewe hakujua alizaliwa wapi. Alikutwa ndani ya kikapu nje ya ukuta wa masista, akakaa nao mpaka alipoanza kutembea vizuri, ndipo Bi Firmina, aliyekuwa ameolewa karibuni na hajapata mtoto, akaenda kumchukua. Nyumba za Wareno wa Makau zilikuwa na desturi hiyo. Msichana wa Kichina analelewa, anabatizwa, anapewa jina la Kikristo, lakini jina la ukoo hapewi. Si mtoto, si mtumishi. Anakula jikoni. Lakini Bi Firmina naye, mumewe akishamaliza kula na kusoma gazeti lake, aliingia jikoni akavuta kigoda akala na Idalina, na huko ndiko alikoishi hasa. Alikuwa na ulimi wa upanga. Padri wa parokia alimwita Bata. Mkuu wa forodha alimwita Andazi. Mumewe, karani wa posta, alimwita Stempu kwa jinsi alivyopenda kujibandika kwa wakubwa. Yote hayo aliyasema kwa lugha ambayo nje ya jiko ilihesabiwa haina adabu.

Msomaji asidhani Kireno ni kimoja. Kipo cha Lisbon, kilichokuja na magavana, cha kola ngumu. Na kipo kile kilichoachwa njiani. Meli zilitoka kwao zikapita kwetu, zikapita Goa, zikapita Malaka, zikaishia Makau, na kila zilipotia nanga ziliacha wanaume, wanaume wakaacha watoto, watoto wakabaki na mama zao. Mama gani ana nafasi ya sarufi? Walichukua maneno ya baba wa watoto wakayapika pamoja na ya kwao, na ndani ya miaka mia nne kikawa chakula kingine kabisa. Wenyewe walikiita lugha tamu. Kisha wakaja walimu wageni na viboko vyao wakakiita uchafu. Hili linanikera mpaka leo. Mtu amwage mchele njia nzima, halafu arudi awachape walioukusanya kwa sababu wameupika anavyojua mama yao. Bi Firmina alikuwa mmoja wa waliokusanya.

Idalina alipokuwa na miaka kumi na kitu, akazaliwa Horasio, mtoto pekee wa nyumba ile. Idalina ndiye aliyembeba mgongoni, na maneno ya kwanza ya mtoto yalitokea pale mgongoni, kwa lugha tamu: dada, njaa, mama anaita. Akapelekwa shule. Siku moja akarudi viganja vimevimba, kwa kuwa mwalimu alimsikia akiomba maji kwa maneno ya nyumbani. Hakulia. Alikwenda moja kwa moja jikoni akamwambia mama yake asimsemeshe tena namna hiyo, iwe peke yao au mbele ya watu. Baba akaunga mkono. Bi Firmina, ambaye hakumwogopa hata askofu, alimtii mtoto wa miaka sita. Tangu siku ile sebuleni akawa bubu mwenye tabasamu, na maneno yake yote akamhamishia Idalina. Karibu nusu karne wanawake wawili waliibeba lugha nzima juu ya chungu cha balichao, ule uduvi wao wa kuchachusha kwa chumvi na pilipili, ambao harufu yake ukiisikia mara moja hutaisahau.

Uzee ulipomlaza Bi Firmina, Kireno cha sebuleni kilimtoka chote. Daktari alimsemesha, hakuelewa. Mwanawe alimsemesha, alimtazama kama mgeni. Ikabaki lugha ya jikoni tu, na Idalina kitandani pake. Desturi yao ni kwamba maiti huambiwa. Kabla jeneza halijafungwa, mtu wa nyumbani humwinamia sikioni akamweleza kwamba sasa anatolewa, anapelekwa mahali fulani, asiogope. Bi Firmina alimshika Idalina mkono akamwambia maneno ambayo Idalina alinirudilia mara nyingi, na kila mara alifuta macho.

“Siku ya kunitoa, uniambie wewe. Uniambie kwa maneno yetu. Wakiniambia kwa maneno ya shule, nitadhani wanazungumza na mtu mwingine.”

Akaahidi. Siku ya mazishi sebule ilijaa wakubwa wa serikali na wake zao, maana Horasio alikuwa amepanda cheo. Idalina alisogea kwenye jeneza, akainama. Horasio akamshika kiwiko.

“Si leo, Idalina,” akasema. “Kuna watu.”

Idalina akarudi nyuma, akasimama na wapishi. Horasio mwenyewe ndiye aliyeinama, akasema la kusema kwa Kireno safi, jeneza likafungwa. Kesho yake Idalina akafunga nguo zake kwenye kikapu akatoka. Aliniambia aliapa mbele ya picha ya Bikira kwamba lugha ile haitatoka tena mdomoni mwake mpaka aliyeifunga aje kuifungua. Alikuwa na hasira kavu, ile isiyopiga kelele, na nadhani ndiyo iliyomweka hai.

Sauti ikaanza wiki ile ile. Alikuwa amepanga chumba kimoja nyuma ya soko. Jua likianza kuinama, saa ya kutayarisha chakula, kwanza ilikuja harufu ya balichao, ingawa chungu hicho hakuwa nacho. Kisha kutoka upande wa jiko: Idalina, uko wapi? Chakula kinapoa. Haikuwa sauti ya hasira. Ndiyo iliyomtesa zaidi. Ilikuwa sauti ya mtu anayeamini kwamba uko chumba cha pili. Idalina aliziba mdomo kwa leso mpaka ikanyamaza. Kesho ikaja tena.

Mimi niliisikia harufu ile. Nilimpelekea kuni za kupikia siku moja alasiri, tukawa tunazungumza mlangoni, ghafla pua yangu ikajaa uduvi na pilipili, nzito kama mtu amefunua chungu chini ya kidevu changu. Idalina alinyamaza katikati ya neno, akatoa leso. Sauti sikuisikia. Nilimwona tu akitikisa kichwa taratibu kuelekea jikoni, anakataa, machozi yanamtoka. Nilisoma aya zote nilizozijua mpaka nyumbani, na nyingine nilizirudia.

Miaka saba ikatimia, tukamfungua Bi Firmina. Msimamizi wetu alikuwa Mzee Leong, mtu mkavu asiyeamini kitu ila koleo lake. Horasio alikuja na suti nyeusi na sanduku dogo zuri la mninga, akasimama kwenye ukingo akamweleza mama yake kwa Kireno kwamba muda umefika wa kumhamisha. Alisema kama anafungua mkutano. Tukainua mfuniko. Sitaeleza sana. Nguo ilikuwa nzima, mikono ilikuwa imeshika rozari, na uso ulikuwa wa mtu aliyesinzia anasubiri kuamshwa. Leong alifunga haraka akasema udongo huu una maji mabaya, tungoje.

Tukangoja. Mwaka wa tisini na tisa, mwezi wa kumi, tukafungua tena, Horasio akasema tena, na tukamkuta vile vile. Safari hii Horasio alikaa chini, na suti yake, kwenye matope. Desemba ile bendera ya Wareno ingeshushwa na mji kurudishiwa Wachina. Alikuwa ameshauza nyumba na kukata tiketi ya Lisbon, na alitaka kuondoka na mifupa ya mama yake. Kaburi lisilo na jamaa mjini, muda wake ukipita, mifupa yake hutupwa shimo la wote.

Leong akasafisha koleo lake, akamuuliza: “Mama yako nyumbani alikuwa anasema nini?”

“Kireno.”

“Nimekuuliza nyumbani.”

Baadaye Horasio akanivuta pembeni, akaniuliza kama ni kweli kwamba Idalina huja hapa. Nikamwambia huja kila Ijumaa, na kwamba huja kufunga mdomo. Akaniomba nimpeleke kwake. Nilitaka kumwambia ajipeleke mwenyewe, miguu anayo, lakini alikuwa amezeeka ghafla nikamwonea huruma.

Tulimkuta Idalina sokoni, amejiinamia juu ya karai la kamba. Horasio alisimama mbele yake, nywele nyeupe, viatu vinang’aa kwenye maji ya samaki, akaanza kwa Kireno. Alisema kuhusu haki, kuhusu marehemu, kuhusu kusameheana. Idalina alimenya kamba. Akahamia Kichina. Idalina akainua macho kwa adabu kabisa.

“Bwana anataka kamba au samaki?”

Wauza samaki wakacheka. Horasio alipigwa na butwaa, akageuka kama anayeondoka, na mimi nikajua yamekwisha, Bi Firmina atabaki pale mpaka siku ya kiama. Kisha yule mzee akarudi, akachuchumaa kwenye maji machafu, uso wake ukawa sawa na wa Idalina, akafungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa kilugha cha mtoto. Hakuwa na kingine, maana aliacha kusema akiwa na miaka sita na hapo ndipo alipobaki. Mimi Kireno changu kilinitosha kuelewa.

“Dada,” alisema. “Dada, mama anaita.”

Idalina akadondosha kisu karaini. Sijawahi kuona uso wa mtu ukifanya vile. Alimtazama muda mrefu, kisha akanyoosha mkono wake unaonuka akamfuta pua yule mzee wa serikali kwa leso yake, kama alivyomfuta zamani, na soko zima likatulia. Alinigeukia mimi akasema kwa Kichina nimpe siku kadhaa, anunue nguo zake za kuzikiwa.

Alizinunua. Alizikunja vizuri, akaziweka juu ya kitanda chake, akamkabidhi jirani ufunguo, akaja makaburini kama mtu anayekwenda kupanda meli. Tulikuwa wanne pale, mimi, Leong, Horasio na yeye. Mchana kweupe, mwezi wa kumi na moja, baridi kidogo. Akakaa kwenye ukingo mahali pake pa kila siku. Akatoa leso mdomoni, akaikunja, akaitia mfukoni. Tukasubiri. Sijui alisikia nini, ila mimi nilisikia harufu ya uduvi na pilipili, na Leong, asiyeamini kitu, akajifuta pua.

“Abee, mama,” akasema Idalina.

Neno la lugha yao silo hilo, lakini kwetu mwanamke akiitwa husema hivyo, na sina njia nyingine ya kuwafikishia. Miaka yote alikuwa akimwita Bi Mkubwa. Kwamba ndiyo mara ya kwanza kumwita mama, nilijua kwa jinsi Horasio alivyogeuka kumtazama.

Baada ya hapo akamwaga yote. Alimpa habari za miaka minane. Nani amekufa, nani ameoa vibaya, padri Bata alizikwa na watu wachache, nyumba imeuzwa kwa mtu wa Hong Kong, bendera inashushwa, mchele wa siku hizi hauna ladha. Alicheka mahali fulani peke yake. Mimi nilishika neno hapa na neno pale, na yale niliyoyashika yalinitia baridi, kwa sababu mengine nilikuwa nayajua tangu tumboni mwa mama yangu. Mwishoni sauti yake ikabadilika, akainama mpaka paji la uso likagusa jiwe. Akamwambia kwamba leo anatolewa. Anahamishwa, anapelekwa mbali kwa meli ya angani, na Horasio atakuwa naye njia nzima. Asiogope. Kisha akakaa wima akafumba macho, akingoja kufa.

Tukafungua. Mifupa ilikuwa myeupe, safi, imetulia. Leong alisema mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Nikamwambia bila shaka. Tukaiosha kwa pombe ya mchele, na Idalina, aliyekuwa bado hai na anashangaa kuwa hai, ndiye aliyeipanga sandukuni, miguu kwanza, fuvu juu.

Horasio alimsihi waende wote Lisbon. Idalina alikataa, akasema huko maneno yake atamwambia nani. Mwanzoni Horasio alimpigia simu kila mwezi, nyumbani kwa jirani. Idalina alikwenda akikimbia kupokea simu ya kwanza, amejitanda ushungi mpya kana kwamba ataonekana. Akarudi ameushika mkononi. Nilipomuuliza akasema Horasio hajambo, anazungumza Kireno kizuri sana. Nilimtukana yule mzee kwa Kiswahili, mbele yake, na ilinipa raha kidogo.

Lakini hilo halikuwa lenyewe. Lenyewe alinieleza Ijumaa moja, hapo hapo kwenye ukingo, ingawa kaburi lilikuwa limeshaingia mwingine.

“Haniiti tena, Amade. Nakaa na jiko jioni nzima. Nilidhani nikiitika nitakufa. Sikujua kwamba nikiitika yeye ndiye atakayenyamaza.”

Nikamwambia amemfanyia jema, marehemu amepumzika.

“Yeye amepumzika,” akasema. “Mimi ndiye niliyefiwa sasa. Ile sauti ndiyo iliyokuwa mtu wa mwisho.”

Mji mzima ule, na watu wake wote waliobanana, hapakuwa na mmoja aliyebaki wa kumuuliza yuko wapi kwa maneno aliyokulia. Na mimi nilimwelewa kuliko alivyojua, maana tangu wenzangu wapande meli hakuna aliyeniita kwa sauti ya kwetu. Nilikaa pale nikaona uchungu wa watu wawili, mmoja wa Kichina na mmoja wa Palma, walioletwa kwenye kiti kimoja cha jiwe na meli zile zile za kale.

Yeye ndiye aliyetoa wazo. Alisema kaburi lake litakuwa la kupangisha, hana jamaa, na siku ikifika ya kumfukua hakuna wa kumwambia. Kwa hiyo nijifunze. Alinifundisha maneno ya kumhamisha mtu, yote, kama mtoto wa chuo anavyofundishwa sura. Nikikosea alinipiga kofi la mkono. Tulikuwa tukifika kwenye mambo ya nyumbani tunacheka. Yeye akisema meza, nami meza. Yeye leso, nami leso. Akasema greza, yaani kanisa, nikamwambia kwetu hilo ni jela. Alicheka mpaka rozari ikamponyoka, akasema hata Bi Firmina asingeweza kuwatukana mapadri vizuri hivyo.

Kisha akaniuliza na mimi je. Nikamwambia sisi hatufukuliwi, na watu wa msikitini watanisomea talkini kwa Kiarabu, inatosha. Akasema hakuuliza habari ya msikiti. Aliuliza mama yangu alikuwa akiniitaje. Nikamwambia: jua likiinama, mama alisimama mlangoni akaita, Amade, uko wapi? Na mimi nilitakiwa kusema naam. Mwanamke akiitwa husema abee, mwanamume naam, na asiyeitika hupata kofi. Akalijaribu. Lilitoka na Kichina chake na Makau yake yote, limepinda, lakini lilikuwa lenyewe. Tangu siku ile kila Ijumaa aliniita hivyo tangu mbali, kwenye lango la makaburi, wenye kusali wakageuka kutazama. Nami niliweka jembe chini nikasema naam.

Alifariki usingizini, katika nguo zile zile za kuzikiwa, ambazo kufikia hapo zilikuwa zimeshampwaya. Nilimchimbia mwenyewe. Miaka saba baadaye Leong alikuwa amekufa na mimi nimestaafu, lakini nilipanda mlima na fimbo yangu. Vijana wa kazi walisimama na simu zao wakamwona Mwafrika mzee anamwinamia Mchina anamsemesha kwa kitu ambacho hakikuwa Kichina wala Kireno. Nilisema yote bila kukosa. Nikamwambia anatolewa, anapelekwa kwenye ukuta wa masanduku, safu ya pili, jua linapiga asubuhi, asiogope. Tulipofungua, mifupa ilikuwa safi mara ya kwanza. Niliiosha kwa mikono yangu, mimi nisiyependa kazi hii, miguu kwanza, fuvu juu.

Nikarudi nyumbani nikiwa na maneno ambayo sasa hayana wa kuambiwa. Na yale ya kwetu niliyomfundisha, alikuwa ameshakwenda nayo.

Basi ndivyo nilivyodhani. Jioni ile ile, natia wali sufuriani, nikasikia harufu ya uduvi na pilipili. Mimi balichao sili na sijawahi kuiingiza nyumbani mwangu. Kisha kutoka upande wa mlango, imepinda vile vile: Amade, uko wapi?

Najua sheria kuliko mtu yeyote katika mji huu. Najua pia alichokipata Idalina alipoitika, ukimya ule wa jioni nzima, na ndicho ninachokiogopa zaidi kuliko kufa. Kwa muda mrefu nilifunga mdomo, nikasikiliza tu, kila jioni, kama mtu anayebania kipande cha mwisho cha mkate. Lakini mimi ni mzee sasa, na aliyeita ni mtu wangu, na kwetu asiyeitika hana adabu.

Jana nilizima jiko, nikafuta mikono kwenye leso, nikasema naam.